Walinzi Wamebadilisha Njia

Kila Jumapili, vyombo vya mchana vikishaoshwa, dereva wa gari la wagonjwa alikuja nyumbani kwa kina Fundi kuua mtu.

Ndivyo Mama alivyolisema jambo hilo, na alilisema bila kutabasamu. Dereva alibisha hodi mara mbili, akavua viatu mlangoni, akamwamkia Mama kwa heshima zote, kisha akaketi chini kwenye zulia, mgongo ukiegemea kochi, pedi ya gemu ikiwa katika mikono yake mikubwa iliyozoea usukani. Fundi aliketi pembeni yake, si karibu sana, kwa sababu mlango wa jikoni ulikuwa wazi na Mama alikuwa na masikio.

Gemu yenyewe ilikuwa ya muuaji wa siri. Mtu mmoja mwembamba, mwenye koti la kijivu, anaingia kwenye jumba la tajiri katili. Anapita kwenye vivuli, nyuma ya mapazia na chini ya meza, mpaka amfikie yule tajiri peke yake, ammalize, halafu atoke kimya kama alivyoingia. Walinzi wako kila kona na taa zao. Mmoja akikuona tu, kioo cha runinga kinageuka chekundu na neno moja linajiandika katikati: UMEONEKANA. Hapo unaanza upya.

Wao wawili walikuwa na sheria zao. Dereva alimwingiza mtu wa kijivu, Fundi alimtoa. Na hawakumgusa mtu ila yule mmoja. Mlinzi akiziba njia kabisa, Fundi alimlaza usingizi, lakini hakukubali kumwacha sakafuni. Alimburuta chumba hadi chumba akitafuta kochi, na dereva alimsubiri bila kulalamika. Siku moja alimwambia, "Mtafutie na mto, kesho ana zamu," na Fundi akacheka mpaka Mama akaja kuchungulia.

Hospitalini dereva huyo walimwita Taratibu. Jina hilo alipewa na wagonjwa. Madereva wenzake walipita mjini kwa king'ora na vumbi; yeye aliendesha polepole kiasi kwamba chupa ya dripu haikuyumba. Mama mmoja mjamzito aliwahi kumshukuru kwa sababu mle garini alipata usingizi ambao nyumbani aliukosa mwezi mzima.

Fundi alimpenda kabla hajalijua jina hilo. Yeye alikuwa mshonaji katika hospitali hiyo hiyo, chumba cha nguo, ghorofa ya chini, na kazi yake ilikuwa mashuka, mablanketi na magauni ya wagonjwa. Madereva wengine waliyatupa mablanketi machafu mlangoni na kwenda zao. Huyu aliyakunja, na aliyakunja mshono ukiwa ndani. Fundi alipomuuliza sababu, alijibu kwamba mshono humkwaruza mgonjwa shingoni. Fundi alikuwa ameyashona mablanketi yale miaka sita na hakuna aliyewahi kumwambia habari ya shingo. Wiki ile ile alianza kuyakunja pindo mara mbili.

Halafu kulikuwa na namna alivyomtazama. Wanaume wengi humtazama mwanamke kwa pembe ya jicho, wakiiba. Taratibu hakuiba. Akitaka kumwona Fundi aligeuza kichwa chote, na mabega pia, akamtazama usoni kama mtu aliyeitwa. Fundi alikuwa na miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kutazamwa hivyo. Akirudi nyumbani alijikuta amesimama mbele ya kioo, akitafuta kilichoonwa.

Hata kaka yake alilisema hilo, ingawa kwa mzaha. Kaka huyo alikuwa nesi, na siku zote za zamu alikaa nyuma ya gari la Taratibu pamoja na wagonjwa. Alisimulia mezani kwamba shemeji mtarajiwa akifika njia panda anasimamisha gari kabisa, anageuza shingo kulia, anageuza shingo kushoto, kama kuku aliyesikia mlango wa jikoni ukifunguliwa. Wote walicheka siku ile. Taratibu alicheka kuliko wote.

Sasa zilibaki siku sita. Jumamosi, mjomba wa Taratibu na shangazi yake wangekuja kuongea na familia, na Fundi alikuwa ameshashona mapazia mapya ya sebuleni kwa ajili ya siku hiyo. Mama hakukataa waziwazi. Alikuwa ameachwa na mume aliyeondoka asubuhi moja akisema anakwenda kununua betri za redio, na mtu aliyepatwa na hayo huwezi kumlaumu akihofia milango. Alisema neno lake mara moja tu, akikunja nguo.

"Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, kila wiki anajifunza kuingia kwa watu na kutoka bila kuonekana. Siku akitaka kuondoka kwako, utamwona?"

Fundi alimjibu kwamba gemu ni gemu tu. Mama akasema sawa, akaendelea kukunja.

Jumapili hiyo mawingu yalikuwa yameshuka tangu asubuhi na sebule ilikuwa na mwanga wa kijivu. Fundi alikuwa na zawadi. Ilikuwa sehemu ya pili ya gemu yao, mpya, bado kwenye nailoni yake. Ile ya kwanza walikuwa wameimaliza mara nyingi mno. Taratibu aliweza kulipita jumba kubwa akiongea habari nyingine kabisa, vidole vikienda vyenyewe. Fundi aliona lazima anaichoka. Alimsumbua muuza gemu wa sokoni wiki tatu mpaka akampatia.

Taratibu aliipokea, akaisogeza karibu na uso, akaitazama muda mrefu. Fundi alisubiri furaha. Furaha ilikuja, lakini ilichelewa, kama taa ndefu ya dari inayopepesa kwanza kabla ya kuwaka.

"Ahsante, Fundi wangu," alisema. "Ila tuanze na ile ya zamani kidogo. Tupashe vidole moto."

"Ya zamani? Walinzi wake karibu watatualika harusini."

"Ndiyo raha yake. Nimewazoea."

Fundi alidhani anadeka. Aliitoa ile ya zamani kwenye mashine, akaweka mpya, akaketi.

Jumba lilikuwa jipya, lenye bustani na nguzo nyeupe. Mtu wa kijivu alitambaa vizuri chini ya maua. Alifika kwenye ukumbi, akasimama, akaanza kutembea. Alimwendea moja kwa moja mlinzi aliyesimama kushoto kando ya nguzo, mrefu kama mlango, taa mkononi. Hakupunguza hata mwendo.

UMEONEKANA.

Fundi alicheka, akasema zawadi imemchanganya. Walianza upya. Mara ya pili mambo yakawa yale yale, na mlinzi ni yule yule. Mara ya tatu alimkwepa wa kushoto akajipeleka kwa wa kulia. Taratibu alisema pedi imelegea, Fundi akampa nyingine. Mara ya nne Fundi hakutazama kioo. Alimtazama yeye, na akaona midomo yake inacheza polepole. Siku zote alidhani ni wimbo anaouimba moyoni. Safari hii aliisoma vizuri ile midomo. Moja, mbili, tatu, nne, geuka. Moja, mbili, simama.

Alikuwa anahesabu.

Jumba lile la zamani, lenye walinzi wake wote, Taratibu alikuwa amelikariri kwa hesabu, kama mtu anavyokariri ngazi za nyumbani kwake.

Fundi aliinua mkono wake wa kulia. Aliuweka kando ya uso wa Taratibu, usawa wa sikio, vidole vimekunjuliwa, akavitikisa. Taratibu aliendelea kucheza. Akausogeza mkono mbele kidogo. Hakuna. Akausogeza tena, akiomba apepese jicho na amuulize anafanya nini. Kidole kilikuwa kimekaribia kufika mbele ya pua ndipo Taratibu aliposhtuka na pedi ikamwanguka.

Mtu wa kijivu akabaki amesimama katikati ya ukumbi. Wakamwona.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

Taratibu hakujifanya haelewi, na kwa hilo Fundi alimshukuru baadaye. Aligeuza kichwa chote na mabega, akamtazama, na Fundi akaielewa kwa mara ya kwanza shingo ile, akahisi kama kuna mtu amezima kitu ndani yake.

Alimweleza kwa sauti ya chini. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa. Alikwenda kwa daktari wa macho katika mji mwingine ili habari zisirudi hospitalini. Daktari alisema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, hauna dawa, unaanza pembeni na kuingia ndani polepole. Giza likianza kuingia ndipo hali huwa mbaya zaidi. Ndiyo maana aliomba asipangiwe zamu za usiku; Fundi siku zote alidhani aliziacha kwa ajili yake.

Kwenye mkoba wa Fundi kulikuwa na rili ya uzi iliyokwisha. Taratibu aliipapasa, akaitoa, akamkabidhi.

"Funga jicho moja. Lingine litazame kwa hilo tundu."

Fundi alitazama. Sebule yote ilitoweka. Mapazia mapya, mlango wa jikoni na picha ya ukutani vyote vilipotea, ukabaki uso wa Taratibu peke yake, ndani ya duara.

"Umeona," alisema. "Wewe ukikaa mbele yangu nakuona wote, hakipungui kitu. Ndiyo maana nilijidanganya muda mrefu kwamba sina tatizo."

Fundi aliishusha ile rili. Alitaka kulia lakini kulikuwa na jambo lililotangulia machozi, nalo lilikuwa na magurudumu manne na kaka yake nyuma.

"Yule mwenye baiskeli," alisema. "Wa wiki iliyopita. Kaka alituambia alikutukana barabarani na wewe ukamwomba radhi. Ulimwona?"

Jikoni, sauti ya vyombo ilikuwa imekoma kitambo.

"Nilimsikia," Taratibu alisema.

Kwenye kioo gemu iliuliza kama wanataka kuanza upya, na iliendelea kuuliza.

Kisha Taratibu akaanza kuomba, na hakuwa mtu wa kuomba. Alisema anataka siku sita tu. Jumamosi ipite, watu wake waje waongee, jambo lifungwe, halafu Jumatatu ile nyingine ataenda mwenyewe kwa mkuu wa madereva aombe kuhamishiwa stoo. Barabara za hospitali anazijua. Anajua kila shimo, kila tuta, kila mti unaoinamia njia. Siku sita ni nini kwa mtu aliyeendesha miaka miwili hivyo hivyo na hajamgusa hata kuku?

"Nazihesabu, Fundi. Kutoka getini mpaka njia panda nahesabu. Najua zote."

"Hata lile jumba ulilijua lote."

Aliinamisha kichwa.

"Siku walinzi wakibadilisha njia," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kwa sababu hakuweza kuipata nyingine, "nyuma yako atakuwa kaka yangu na mtu aliyelala kwenye machela. Mtu huyo anaamini amepata bahati kwa kuwa anaendeshwa na Taratibu."

"Nikiacha kazi leo, mjomba wangu atakuja hapa Jumamosi kusema nini? Kwamba mtoto wetu hana kazi na baada ya muda hatakuwa na macho, tupeni binti yenu?"

"Aseme hivyo hivyo."

"Sitamtuma mzee wa watu na maneno hayo."

Fundi aliitoa simu yake, akaiweka kwenye zulia mbele ya Taratibu, mahali alipojua ataiona. Kesho saa kumi na mbili asubuhi kaka yake angesimama getini akisubiri gari. Alijua, akiigusa simu ile, hakutakuwa na Jumamosi. Alijua pia hataweza kuketi kesho kwenye cherehani yake, akipindua pindo la blanketi, akisikiliza kama king'ora kimerudi salama.

"Piga wewe," alisema. "Nakuomba. Nisipige mimi."

Taratibu aliitazama simu ile kwa muda mrefu. Hatimaye alitoa ya kwake mfukoni, akaisogeza karibu na uso, akatafuta namba. Alimwamkia mkuu wa madereva, akamuuliza hali ya watoto kwa sababu ndivyo alivyokuwa, hata siku ile. Kisha akasema: "Mkuu, kesho mpange mtu mwingine. Macho yangu hayafai usukani." Alisikiliza kidogo. "Hapana, mkuu. Si kesho tu."

Alipokata simu alionekana mdogo, kama mtu aliyevuliwa koti zito. Fundi alinyoosha mkono amshike, akauona mkono wake mwenyewe ukienda upande ambao Taratibu hakuuona, akausimamisha hewani.

"Mwambie Mama watu hawatakuja Jumamosi," Taratibu alisema.

"Mimi sijakukataa."

"Najua. Ungenikataa ningekubembeleza." Alijaribu kutabasamu. "Nilitaka kuingia nyumba hii nikiwa mtu mwenye kazi. Sasa nitaingia kama mgonjwa anayetafuta wa kumshika mkono. Wewe utashona mchana kutwa, ukirudi unipe chakula na kunionyesha mlango ulipo. Hapana."

"Hilo si lako kuamua peke yako."

"Kwa leo ni langu, Fundi. Niachie walau hilo."

Aliinuka. Mashine ya gemu ilikuwa yake, lakini hakuichukua, na Fundi hakumkumbusha. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo begani, na uso wake ulisema amesikia yote. Taratibu alimuaga kwa heshima ile ile. Mama aliitikia. Kisha mama huyo, ambaye mwaka mzima hakuwahi kumwita mkwe, alitangulia mbele mpaka mlangoni, akainama na magoti yake mabovu, akavigeuza viatu vya Taratibu vielekee nje na kuvisogeza mahali mguu wake ungevikuta. Hakusema neno. Taratibu alivivaa bila kupapasa, akatoka.

Fundi alibaki amesimama katikati ya sebule.

"Saa kumi na mbili imepita," Mama alisema. "Na kuna mawingu."

Fundi alichukua kanga mlangoni akatoka.

Taratibu alikuwa amefika mbali kidogo, akitembea katikati ya njia, mgongo umenyooka. Fundi hakumwita. Alivua ndala zake akazishika mkononi, akamfuata nyuma kwa hatua kumi, akikanyaga palipo na vumbi laini. Kama vile alivyomtoa mtu wa kijivu kwenye majumba mengi, sasa alipita kando ya ukuta, akisimama Taratibu anaposimama, akienda anapokwenda.

Mbele kulikuwa na mtu wa mkokoteni aliyebeba madebe. Fundi alimpungia mkono na kumwonyesha Taratibu kwa kidole, kisha akagusa macho yake mwenyewe. Mtu yule alielewa. Aliusogeza mkokoteni pembeni, akashika madebe yasigongane, akasubiri mpaka Taratibu apite. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya duka aliivuta ndoo yake bila kuulizwa. Watu wana wema mwingi wakiombwa kimya kimya.

Penye kona kulikuwa na kibanda cha kinyozi, na mbele ya kibanda, karibu katikati ya njia ya miguu, kulikuwa na kiti cha chuma. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana. Taratibu alikuwa anakielekea moja kwa moja. Fundi alipita ukutani mbio, pumzi kaibana, akamzunguka, akakiinua kile kiti bila kukigongesha, akajibanza nacho mlangoni mwa kibanda.

Taratibu alifika pale kiti kilipokuwa. Alinyoosha mkono wake wa kushoto.

Mkono haukugusa kitu.

Alisimama. Aliupeleka mbele zaidi, kisha kulia, kisha chini. Midomo yake ilicheza. Alirudi hatua moja, akahesabu upya, akapiga hatua mbili mbele, na Fundi akaona kile ambacho hakukiona alipokuwa anakimbilia kiti. Hatua moja mbele ya Taratibu kulikuwa na mfereji wa maji machafu, wazi, wenye kina cha mtu kuvunjika mguu. Kiti kile kilikuwa alama yake. Kila jioni alikigusa, akajua ni hapa pa kugeuka kushoto kuingia mtaani kwake. Fundi kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amembadilishia njia.

Taratibu alisimama ukingoni mwa mfereji, peke yake, mikono mbele, kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba ngeni. Alirudi nyuma kidogo kidogo, kisigino kikitafuta ardhi. Watu wawili walipita wakamtazama. Hakuomba msaada.

Fundi hakuona vizuri kwa machozi. Alikibeba kile kiti kwa mikono miwili, akatembea kwa ncha za vidole, akakiweka taratibu chini ya mkono ule ulionyooka. Chuma kiligusa kiganja. Vidole vya Taratibu vilijikunja kwenye egemeo la kiti, vikalishika kwa nguvu, kisha vikalegea.

Hakugeuka.

"Umeonekana," alisema.

Fundi alikiachia kiti.

"Usikiondoe tena." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka tu. "Rudi nyumbani, Mama asikae na wasiwasi. Kutoka hapa najua."

Aligeuka kushoto, akaenda. Fundi alimhesabia. Hatua ishirini na nne mpaka kwenye lango la bati. Alisikia komeo likifunguliwa, kisha likifungwa kwa ndani.

Nyuma yake mtu alikohoa. Alikuwa kinyozi, mtu wa makamo, ufagio mkononi, nywele za wateja zimemganda kwenye aproni. Alikuwa ameona yote kutoka mlangoni mwake.

"Nilidhani kitamwangusha," Fundi alisema.

"Hata mimi mwanzoni nilidhani hivyo. Siku moja nilikiingiza mapema, akatumbukia hapo mpaka gotini. Alitoka, akaniomba radhi kwa kunichafulia mlango." Kinyozi aliuegemeza ufagio ukutani. "Tangu siku ile sikiingizi mpaka apite. Nikishaona amekigusa, ndipo nafunga."

Fundi alimuuliza ni muda gani sasa. Kinyozi alifikiri, akasema huu ni mwaka wa pili. Alimuuliza tena kama Taratibu aliwahi kumwambia lolote. Kinyozi akasema hapana, na yeye hakuwahi kuuliza; mtu anagusa kiti kile kile kila jioni, utamuuliza nini?

Fundi aliweka mkono wake pale ulipokuwa mkono wa Taratibu. Chuma kilikuwa bado kina joto kidogo. Mwaka mzima alikaa pembeni ya mtu yule kila Jumapili, akisema anampenda, na kinyozi asiyemjua hata jina alikuwa amejua kabla yake.

"Kesho haendi kazini," alisema. "Wala keshokutwa. Sijui kama atapita."

"Kiti kitakuwepo."

Giza lilikuwa limeingia. Kinyozi alizima taa ya nje, akanyoosha mkono akichukue kiti. Fundi hakumpa. Alikibeba mwenyewe mpaka ndani, akakiweka alipoelekezwa, akavaa ndala zake, kisha akauliza kesho kinatolewa nje saa ngapi.